Waliopoteza Kauli: Wagonjwa wa Kiharusi wa Singida na Njia ya Kurejea Mazungumzoni

*Kiharusi kimpigapo mtu upande wa kushoto wa ubongo, aghalabu humwachia fahamu zake na kumnyang'anya maneno. Nani atamrejeshea maneno hayo katika mkoa ambao mtaalamu wa tiba ya usemi ni adimu kama mvua ya mwezi wa Agosti?*

Binti ameketi kando ya kitanda cha babaye, bakuli la uji wa uwele mkononi, na baba, ambaye juma lililopita alikuwa akipima magunia ya alizeti na kubishana bei na wachuuzi pasi na kukosea hata shilingi, anamtazama, ananyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani, na neno limtokalo kinywani, kila ajaribupo kusema jambo lolote, ni moja tu: "Kesho."

"Baba, wataka maji?" Kesho. "Wasikia baridi?" Kesho. "Nimwite mama?" Kesho, kesho, na sasa uso umekunjamana kwa ghadhabu, kwa kuwa yeye mwenyewe anasikia kwamba neno hilo silo alilolikusudia, wala hajui alipate wapi lile alitakalo.

Mzee huyu si mtu mmoja wa kutajwa jina. Ni sura niliyoikusanya kutokana na tabia za maradhi haya kama matabibu walivyozieleza kwa zaidi ya miaka 150, nikaivika nguo za Singida ili msomaji apate kuiona. Na yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi atamtambua bila ya kuonyeshwa.

Jamaa wanaomzunguka hugawanyika. Mmoja husema amepoteza kauli, basi safari yake imewadia. Wa pili husema akili zimeruka, na tangu saa hiyo huanza kuongea juu ya mgonjwa mbele yake kana kwamba hayupo. Wa tatu huinamisha sauti na kutaja mkono wa mtu. Wote watatu wamekosea, na kosa la wa pili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote.

Ulimi mzima, lugha imevunjika

Maradhi haya matabibu huyaita afasia. Mshipa wa damu wa ubongo unapozibwa na donge la damu, au unapopasuka kwa nguvu ya presha iliyoachwa miaka mingi bila ya dawa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule hufa kwa kukosa hewa na chakula. Na kwa kuwa katika watu walio wengi lugha imefanya makao yake upande wa kushoto, upande ule ule unaouamuru mkono na mguu wa kulia, mgonjwa hujikuta amepooza kuume na maneno yamemtoka kwa wakati mmoja. Yakadiriwa kuwa theluthi moja hivi ya wapatwao na kiharusi huipata afasia. Pigo la kichwa, kama lile la kuanguka na pikipiki pasi na kofia, laweza kuileta pia, kadhalika uvimbe wa ubongo.

Mwaka 1861, tabibu wa Kifaransa Paul Broca alimpokea katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kutamka ila silabi moja, "tan", hata wenzake wodini wakamwita kwa silabi hiyo. Mtu huyo alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umedhurika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Miaka 13 baadaye, mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke akaeleza namna nyingine iliyo kinyume cha ile: mgonjwa husema kwa wepesi na ufasaha wa sauti, sentensi ikiifuata sentensi, lakini maneno hayana maana, na yale aambiwayo na wengine hayamwingii.

Baina ya ncha hizo mbili pana daraja nyingi. Yuko ashindwaye na majina ya vitu tu, yuko asemaye kwa vipande vipande, na yuko aliyenyimwa kusema na kufahamu kwa pamoja. Wala kumpa karatasi na kalamu hakusaidii sana, jambo linalowashangaza jamaa, maana hudhani kwamba kilichoharibika ni kinywa na kwamba mkono wa kushoto utaandika kile ambacho ulimi umeshindwa. Kumbe lugha iliyovunjika ni ile ile itumikayo katika kusema, kusoma na kuandika, na pengine hata katika kuhesabu noti.

> Kilichovunjika ni lugha. Fahamu, kumbukumbu za watu wake, haya na hasira, aghalabu vimebaki pale pale.

Anasali, lakini hawezi kuomba maji

Kuna jambo moja katika afasia ambalo limewatia jamaa wengi katika dhana mbaya, nami nataka kulikalia kidogo.

Mgonjwa ambaye tangu asubuhi ameshindwa kutaja jina la mkewe aweza, jioni, kuisoma Fatiha toka mwanzo hata mwisho pamoja na waliokuja kumjulia hali, au akaitikia Baba Yetu bila ya kukosa neno, au akaimba ubeti mzima wa utenzi wa kanisani, au akahesabu moja hata kumi akianzishiwa, na akiudhika akatoa tusi lililo wazi kabisa. Hapo ndipo mtu husema: kumbe anaweza! Basi anajifanya, amenuna tu, hataki kutwambia zile fedha ameziweka wapi.

Hajifanyi. John Hughlings Jackson, tabibu wa Kiingereza wa karne ya 19, alilieleza jambo hili kwa kutenganisha maneno yatokayo yenyewe, yaliyokaririwa mara elfu hata yakawa mazoea ya kinywa, na yale ambayo mtu huyaunda papo hapo ili kueleza haja mpya. Sala, salamu, nyimbo, hesabu za mfululizo na viapo ni za fungu la kwanza, na ubongo huzihifadhi kwa njia isiyotegemea sana sehemu iliyodhurika. "Niletee maji ya uvuguvugu" ni la fungu la pili, ijapokuwa lina maneno machache kuliko sala yoyote.

Katika mwaka 1973, wataalamu wa Boston, Marekani, waliijenga tiba juu ya jambo hilo hilo, wakimfundisha mgonjwa kuyaimba maneno ya haja zake za kila siku kwa lahani nyepesi huku akigongagonga kwa mkono wa kushoto, kisha lahani ikapunguzwa kidogo kidogo hata yakabaki mazungumzo. Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi ya kichwa Januari 2011 huko Arizona, ni miongoni mwa waliotumia nyimbo katika kurejea kusema. Tiba hiyo haimfai kila mgonjwa, lakini katika nchi ambayo watu huimba shambani, kanisani, madrasa na msibani, ni ajabu kwamba haijafika mbali.

Hesabu tulizonazo

Kuanzia mwaka 2003 hata 2006, tabibu Richard Walker na wenzake waliwafuatia wakazi wa sehemu ya Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ili kujua ni wangapi wapatwao na kiharusi; na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, yaliwashtua wengi. Visa vilikuwa 636. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilipata 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango ambacho ni katika vikubwa vilivyopata kuandikwa duniani.

Singida haikuwamo katika utafiti ule. Mkoa huu, ambao sensa ya mwaka 2022 iliupa watu zaidi ya milioni 2, si Dar es Salaam wala si Hai. Lakini presha haina mpaka wa mkoa, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wa miaka 25 hata 64, asilimia 26 hivi walikuwa nayo. Msomaji aweza kujikadiria mwenyewe ni wazee wangapi wa Ikungi, Manyoni, Mkalama na Iramba wanaotembea nayo hivi sasa bila ya habari, kwa kuwa presha haiumi mpaka siku inapoua.

Utafiti mwingine wa wakati ule, wa Gerry Mshana na wenzake, uliotolewa mwaka 2008, uliuliza watu wa Hai na wa Dar es Salaam wanakielezaje kiharusi. Wengi tungebashiri kwamba wa shamba ndio wangetaja mapepo na uchawi, na wa mjini wangetaja presha. Ilikuwa kinyume: Dar es Salaam ndiko maelezo ya mapepo na kurogwa yalikoenea, ilhali Hai watu walitaja zaidi sababu za kimaumbile. Nalisema hili kwa ajili ya wale wenzetu wa mjini ambao, wakisikia Singida, huwaza uganga kabla ya kuwaza zahanati.

Umbali wa tabibu

Mgonjwa wa kiharusi wa Singida hapungukiwi na mahali pa kupelekwa. Iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, yenye majengo yake mapya Mandewa. Ziko hospitali za Kanisa Katoliki za Makiungu na Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Iko ya Walutheri ya Iambi. Iko ya Kiomboi. Serikali, katika miaka ya karibuni, imezipatia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT, nazo ndizo zinazobainisha kama mshipa umezibwa au umepasuka. Katika mambo ya kuokoa roho, hali ya leo si ile ya miaka ishirini iliyopita, na insafu yatutaka tuseme hivyo.

Taabu huanza roho ikishaokolewa. Mgonjwa akibahatika humpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafunzwa kusimama na kutembea. Hupewa dawa za presha na tarehe ya kurudi kliniki. Juu ya maneno yake yaliyopotea, jamaa huambiwa wavute subira, yatarudi. Na kweli baadhi hurudi, hasa katika miezi ya kwanza, kwa kuwa ubongo hujitengeneza wenyewe kwa kadiri fulani. Lakini kungoja si tiba.

Taaluma ya tiba ya usemi na lugha ni mpya katika Afrika ya Mashariki. Shahada ya kwanza ya taaluma hiyo katika eneo letu ilianza Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mwaka 2008, ikawapokea pia wanafunzi wa nchi jirani; kabla ya hapo, waliokuwa wakiifanya kazi hii katika Tanzania walikuwa, kwa sehemu kubwa, wageni wa kujitolea waliokuja na kuondoka. Sasa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kina shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Hii ni habari njema. Ila wahitimu ni wachache, kazi za watoto wenye matatizo ya kusema zinawangoja kwa wingi, na kutoka Singida mjini hata Dar es Salaam ni takriban kilometa 700.

> Mgonjwa hufunzwa kutembea tena. Kuhusu kusema, jamaa huambiwa wavute subira.

Ajirini wataalamu, au fundisheni jamaa?

Hapa ndipo wenye kuyafuatilia mambo ya utengamao wanapogawanyika.

Kundi la kwanza lasema: hakuna njia ya mkato. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 wa taasisi ya Cochrane, uliokusanya majaribio 57 na washiriki 3,002, ulithibitisha kwamba tiba ya usemi humsaidia mwenye afasia kuwasiliana katika maisha yake. Na jaribio la Ujerumani lililotolewa mwaka 2017, la wagonjwa 158 ambao walikuwa wameshakaa nayo miezi 6 au zaidi, lilionyesha kwamba majuma 3 ya tiba nzito, saa 10 au zaidi kila juma, yaliwanyanyua hata wale waliodhaniwa wamefika mwisho wa kupona. Tiba ni elimu, na elimu ina wenyewe. Basi kila hospitali ya mkoa ipewe nafasi ya mtaalamu, na nafasi hiyo ijazwe.

Kundi la pili hujibu kwa ushahidi mwingine. Katika Uingereza, jaribio la wagonjwa 170, lililotolewa mwaka 2012, liliwagawa mafungu mawili katika miezi ya kwanza baada ya kiharusi: hawa wakatibiwa na wataalamu, wale wakatembelewa na watu wa kawaida walioajiriwa kuwa wasikivu na kuzungumza nao tu. Mwishowe mafungu yote mawili yalikuwa sawa. Ikiwa hivyo ndivyo, wasema hawa, kwa nini Singida ingoje miaka kumi kupata mtaalamu mmoja ilhali kila nyumba ina binti, mpwa au jirani awezaye kufunzwa?

Nimezipima hoja hizi, nami naona kila kundi limeshika upande mmoja wa nguo ile ile. Wale watembeleaji wa Uingereza hawakuwa wapita njia. Walichaguliwa, wakaelekezwa na kusimamiwa. Halikuthibitisha jaribio lile kwamba mtaalamu hana kazi. Lilithibitisha kwamba mazungumzo ya makusudi, yenye saa yake na subira yake, yana nguvu ambayo hospitali zetu haziiandiki katika cheti cha dawa.

Tena iko hesabu ambayo lazima ifanywe. Mkusanyo wa tafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliopata nafuu kubwa zaidi ya lugha ni wale waliopewa jumla ya saa 20 hata 50 za tiba. Mkulima wa Mkalama hatazipata saa hizo kwa kupanda basi mara moja kwa mwezi kwenda Dodoma. Lakini nusu saa kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 12, nyumbani kwake, ni saa 30. Najua kwamba saa ya binti si sawa na saa ya mtaalamu. Ila saa ya binti aliyeonyeshwa na mtaalamu nini cha kufanya, na akarudiwa baada ya mwezi kuangaliwa, si haba.

Wasiwasi wangu ni mmoja, nao ni wa kisiasa zaidi kuliko wa kitabibu: kwamba wakuu wakisikia jamaa wanaweza kufundishwa, watafuta nafasi ya mtaalamu katika bajeti na kuiita hatua hiyo ushirikishwaji wa jamii. Anayemfundisha binti lazima awepo kwanza.

Nira, siyo igloo

Hata mtaalamu akipatikana, atafungua sanduku la vifaa vyake na kukuta vimetengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Kipimo kinachojulikana mno cha kutaja majina, kile cha Boston, kina picha 60 zilizopangwa toka nyepesi hata ngumu, na ndani yake mna igloo, ile nyumba ya theluji. Mna biva, mnyama wa mito ya kaskazini. Mna asparagasi, na aina ya mkate wa Kijerumani uliosokotwa. Mzee wa Iramba akishindwa kuvitaja hivi, tumepima nini? Uraia wake.

Na lililo la ajabu zaidi ni kwamba nira, ile ya kufungia ng'ombe, imewekwa karibu na mwisho wa orodha hiyo, miongoni mwa picha ngumu, kwa kuwa Mmarekani wa mjini haioni. Na mkulima wa Singida aliyelima kwa plau maisha yake yote ataitaja kabla hajaulizwa. Daraja za ugumu zimepinduka juu chini.

Liko na suala la lugha zenyewe. Wazee wengi wa mkoa huu walianza kusema kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kinyisanzu, wakajifunza Kiswahili shuleni, mnadani au jeshini, na wengine wakakitumia zaidi kuliko lugha ya mama kwa miaka arobaini. Kiharusi kikija, lugha ipi itarudi kwanza? Théodule Ribot wa Ufaransa alishika, mwaka 1881, kwamba kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu, na wafuasi wake wakatarajia lugha ya utotoni. Albert Pitres, mwaka 1895, akasema ni ile iliyokuwa ikitumika zaidi wakati mtu alipougua. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mara nyingi lugha zote hurudi sambamba, ila si kila mara, na wapo ambao moja hurudi na nyingine ikabaki nyuma.

Kwa hiyo muuguzi asiyejua ila Kiswahili aweza kuandika katika faili kwamba mgonjwa hajibu, na dakika tano baadaye bibi wa kitanda cha jirani akamsalimu kwa Kinyaturu naye akaitika. Kumwuliza mgonjwa kwa lugha zake zote kabla ya kuandika neno "hajibu" hakuhitaji mashine wala fedha.

Mali, wosia na namba ya siri

Maadam mtu hawezi kusema, wengine husema kwa niaba yake. Na mahali hapo, fauka ya huzuni, mna hatari.

Fedha za alizeti zimo katika simu, na namba ya siri imo kichwani mwake yeye peke yake. Vitunguu vilivyopelekwa soko la Misuna havijalipwa, na mdai ni yeye. Shamba lina mpaka unaogombaniwa, na shahidi mkuu ni yeye. Huja mtoto mmoja na karatasi, akakishika kidole gumba cha babaye na kukibandika kwenye wino. Huja ndugu na kusema kaka hana fahamu tena, tugawane mapema. Mke, ambaye ndiye ajuaye kwamba mumewe anafahamu kila kisemwacho, haulizwi.

Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 12 ya mkataba ule yasema wazi kwamba watu hawa wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba nchi iwape msaada wanaouhitaji ili kuutumia uwezo huo. Mwenye afasia akiulizwa kwa utaratibu, kwa maswali ya ndiyo na la yaliyogeuzwa na kurudiwa ili kuhakiki jibu, kwa picha ya shamba na picha za watoto wake, aghalabu huweza kuonyesha matakwa yake. Afisa mtendaji wa kijiji, karani wa benki na hakimu wa mahakama ya mwanzo wana wajibu wa kumwuliza hivyo kabla ya kuupokea wino wa kidole kilichoshikwa na mtu mwingine.

> Kidole gumba kilichoshikwa na mtu mwingine si kauli ya mwenye kidole.

Namna ya kuongea naye

Huko Toronto, Kanada, mwaka 1979, Pat Arato, ambaye mumewe alikuwa amepatwa na afasia, aliasisi kituo kilichokuja kuitwa Aphasia Institute. Na humo Aura Kagan na wenziwe wakaiunda njia ya kuwafundisha wasemaji wazima jinsi ya kuzungumza na asiyeweza kusema. Msingi wake ni kumwonyesha mgonjwa, kwa maneno na kwa uso, kwamba unajua kuwa anajua. Yaliyobaki ni ufundi, na ufundi huo wachukulika hata kijijini Sepuka.

Zima redio, kwa kuwa mwenye afasia aghalabu hupata taabu kuzichambua sauti mbili kwa pamoja. Mkalie mbele, umsalimu yeye kwanza, si mwanawe, na umwamkie kwa heshima ile ile aliyokuwa nayo: shikamoo yake haikupooza. Sema jambo moja, ungoje. Wengi wetu hatuwezi kuvumilia kimya cha sekunde kumi na tunalichomeka neno letu kinywani mwa mgonjwa, na lile alilokuwa akilitafuta hukimbia.

Uliza swali lijibikalo kwa kichwa au kidole, kisha uligeuze: "Wataka kwenda nje?" na baadaye, "Wataka kubaki ndani?" Akisema ndiyo kwa yote mawili, jua kwamba "ndiyo" yake bado si ya kutegemewa, mtumie picha. Chora. Onyesha kwa mkono. Ukiwa hukufahamu, usitikise kichwa kana kwamba umefahamu, kwa maana atakugundua, na siku ya pili hatajaribu tena. Wala usimfundishe kama mtoto wa chekechea, ukimlazimisha aseme "maji" kabla ya kumpa maji. Mwenye kiu apewe maji kwanza.

Simu ya mkononi, ambayo vijana wetu hulaumiwa kwa ajili yake, hapa ina faida kubwa: picha za wajukuu, za ng'ombe, za duka, za zahanati, zikipangwa vizuri, huwa ni kitabu cha mazungumzo kwa mzee asiyesoma herufi. Mbao za alfabeti zitumikazo Ulaya zina manufaa madogo kwa mtu ambaye hakupata shule, na madogo zaidi kwa yule ambaye afasia imemnyang'anya hata kusoma alikokuwa nako.

Litakalowezekana

Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafunza na kuwapeleka vijijini na mitaani zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hawa ndio watakaoingia nyumba ambazo tabibu haingii. Mafunzo yao yana mengi tayari, toka lishe hata malaria, na sidai kwamba afasia ipewe mwezi mzima. Lakini siku moja ya kujifunza kumtambua mwenye afasia, kumtofautisha na mwenye wazimu, na kuwaonyesha jamaa jinsi ya kuongea naye, si dai la kupindukia.

Mtaalamu mmoja wa tiba ya usemi mwenye makao Mandewa, akipewa usafiri wa kuzungukia Makiungu, Kiomboi, Iambi na Itigi kila mwezi, hawezi kuwatibu wagonjwa wote wa mkoa, wala asijaribu. Kazi yake ya kwanza iwe kuwafundisha wauguzi wa wodi, wahudumu wa vijijini na jamaa wa mgonjwa, na ya pili kuwapima wale walio wagumu, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, akiwa na mkalimani asiye ndugu wa karibu wa mgonjwa pale panapogombaniwa mali.

Akikosa vifaa vinavyofaa, asiviagize ng'ambo. Mchoraji wa mabango wa pale mjini, yule anayezipamba saluni na maduka ya pembejeo, akilipwa ujira wake wa halali aweza kumchorea kwa juma moja picha zote atakazo: kinu na mchi, ungo, chungu, kuku, alizeti, bakora, jembe la plau, na nira.